Jinsi ya kucheza Blockout: kupanga vipande ndani ya kisima

Mchezo wa vipande vinavyoanguka, yaani Tetris, hauhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote aliyekulia Goma na aliyewahi kugombania kile kichezeo kidogo cha betri chenye kioo cha kijivu, ambacho kilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka vitufe vikafutika maandishi. Mrusi Alexey Pajitnov aliutunga mjini Moscow mwaka 1984, na kanuni zake hazijabadilika: kipande cha miraba minne kinashuka, unakigeuza, unakilaza mahali pake, na mstari ukijaa unafutika. Mwongozo huu unahusu ndugu yake aliye mgumu zaidi, yaani Blockout, mchezo uliotengenezwa na Aleksander Ustaszewski na Mirosław Zabłocki nchini Poland na kutolewa mwaka 1989 na kampuni iitwayo California Dreams. Katika mchezo huo hutazami tena ukuta ukiwa umesimama mbele yake. Umeinama juu ya kisima cha mraba, unachungulia ndani, na vipande vinaondoka karibu na uso wako kuelekea chini, navyo si miraba tena bali ni michemraba iliyounganishwa. Kinachofutika si mstari, ni tabaka zima.

Watu wengi niliowaonyesha mchezo huu waliacha kabla ya robo saa kwisha, na karibu wote walilalamika kwamba vipande vinashuka kwa kasi. Mimi sikubaliani nao. Kasi unaweza kuipunguza mpaka kipande kikawa kinashuka taratibu kama mzee anayeteremka ngazi, na bado mgeni atashindwa, kwa sababu vidole vyake havijui kitufe kipi kinageuza kitu upande upi. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza hapa unaanza na vidole, unafuata na sakafu ya kisima, na kasi inakuja mwisho kabisa.

Kuupata na kuandaa kibodi

Toleo ninalolipendekeza ni BlockOut II la Jean-Luc Pons, kwa kuwa ni la bure, msimbo wake uko wazi, linafanya kazi kwenye Windows na Linux, wala halihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Likishapakuliwa mara moja linanakiliwa kwenye flashi na kupelekwa kwenye mashine nyingine, na halihitaji intaneti ili uweze kucheza. Kama flashi imepita kwenye mashine za watu, ipekue virusi kwanza.

Kabla ya kucheza tazama herufi za safu ya juu ya kibodi yako. Mishale minne husogeza kipande, kitufe kirefu cha nafasi hukiangusha, na jozi tatu za herufi hukigeuza: Q na A, W na S, E na D. Jozi hizo zilichaguliwa kwa sababu katika kibodi ya Kiingereza kila herufi ya juu imekaa juu ya mwenzake, hivyo vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinapanda na kushuka bila kuhangaika. Tatizo ni kwamba katika mji wetu kompyuta za mitumba zinazotoka Ulaya huja na kibodi ya Kifaransa, ambako A iko juu ya Q, na W imetupwa chini kabisa pembeni. Ikiwa mchezo unasoma herufi yenyewe, jozi ya kwanza itafanya kazi kinyume na jozi ya pili itakulazimisha kupinda kidole kama anayepiga gitaa asilolijua. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya kompyuta na kuchagua kibodi ya Kiingereza cha Marekani kwa muda wa kucheza, halafu kutumia vitufe kwa mahali vilipo bila kujali herufi iliyochapwa juu yake. Mpwa wangu alicheza siku tatu akiwa na jozi ya kwanza iliyogeuka, akazoea, na nilipoirekebisha akalalamika kwamba nimemharibia mchezo. Basi rekebisha mapema.

Sabuni, vijiti na kiberiti

Sasa acha kompyuta. Nunua mche mmoja wa sabuni ya kufulia iliyo laini, uukate kwa uzi mgumu au waya mwembamba upate michemraba ya sentimeta mbili kila upande, na uiunganishe kwa vijiti vya kuchokolea meno. Viazi pia vinafaa, ila jikoni hawatakuelewa. Vipande vyote vinavyowezekana kwa michemraba minne ni vinane, hivyo unahitaji michemraba 32. Vitano kati yake unavijua tangu mchezo wa zamani kwa kuwa vinalala bapa: fimbo ndefu, mraba, L, T na ile inayofanana na ngazi ya vidato viwili. Katika mchezo wa zamani vipande vilikuwa saba kwa sababu L ilikuwa na ya kushoto na ya kulia, na ngazi vilevile. Ukikishika cha sabuni mkononi utaona kwamba ukikipindua tu, L ya kushoto inakuwa ya kulia, kwa hiyo ndani ya kisima hicho ni kipande kimoja.

Vitatu vilivyobaki ndivyo vigeni, na vinatengenezwa hivi. Unganisha michemraba mitatu iwe kona na uilaze mezani. Ukiongeza mchemraba wa nne juu ya ule wa katikati, pale kona inapojikunja, unapata kipande chenye miguu mitatu inayoelekea pande tatu, kama mguu wa kiti uliong'olewa pamoja na vipande vya fremu yake. Ukiuweka wa nne juu ya ncha moja ya kona, unapata kipande kilichopinda kama skrubu. Ukiuweka juu ya ncha ya pili, unapata skrubu iliyopinda upande mwingine. Hivi viwili vya mwisho ni kama kandambili ya kushoto na ya kulia: hata ukivigeuza namna gani, kimoja hakiwi kingine. Tumia dakika kumi kujaribu kukifanya cha kushoto kifanane na cha kulia, mpaka mkono wenyewe ukubali kwamba haiwezekani, kwa sababu ndani ya mchezo mgeni hupoteza muda mwingi akitafuta mgeuko ambao haupo.

Kipande chochote kinaweza kugeuzwa kwa namna tatu tu. Mimi huziita kwa vitu vya nyumbani. Ya kwanza ni mfuniko: kipande kinazunguka huku kimelala, kama mfuniko wa bidoni (dumu la maji) unapofunguliwa, na upande uliokuwa juu unabaki juu. Ya pili ni bidoni yenyewe: kinainama kwenda mbele au kurudi kwako, kama mtu anayemimina maji. Ya tatu ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: kinaangukia ubavu, kushoto au kulia, kama chukudu iliyopakiwa vibaya. Fungua mchezo, punguza kasi hadi sifuri, subiri kipande chenye umbo la L, na ubonyeze jozi moja baada ya nyingine ukisema kwa sauti, "mfuniko, bidoni, chukudu." Usiende mbele mpaka uweze kusema jina kabla kidole hakijashuka.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo kila mwanafunzi wangu ameniuliza, na mpwa wangu aliliuliza akiwa amekasirika kweli: "Mjomba, nimebonyeza vilevile viwili kama mwanzo, mbona kimetazama kwingine?" Nilimpa kiberiti. Kilaze juu ya kiganja, picha ikitazama juu. Fanya bidoni: kiinamishe mbele mpaka picha itazame mbali nawe. Kisha fanya mfuniko kuelekea kushoto. Picha sasa inatazama kushoto kwako. Rudia tangu mwanzo, lakini anza na mfuniko: picha bado inatazama juu, kwa sababu mfuniko haugeuzi uso wa juu. Kisha fanya bidoni, na picha inatazama mbali nawe. Migeuko ni ileile miwili, mpangilio umebadilika, na kiberiti kimeishia pengine. Katika mchezo wa zamani jambo hili halikuwapo, kwa sababu kulikuwa na mgeuko wa aina moja tu na kipande kilikuwa na mikao isiyozidi minne. Hapa, kipande kisicho na ulinganifu kina mikao 24: pande sita zinazoweza kulala chini, na kwa kila upande mizunguko minne ya mfuniko.

Kutokana na hesabu hiyo kuna njia ya mkato ambayo imenisaidia kuliko nyingine zote. Kwanza amua upande upi utazame chini, na uufikie kwa bidoni au chukudu. Baada ya hapo tumia mfuniko peke yake. Ukifuata mpangilio huo kila mara, karibu kila mkao unafikiwa kwa vibonyezo vitatu au vinne, na ukikosea unajua ni hatua ipi ya kurudisha. Kugeuza ovyo ukitumaini kwamba umbo litatokea lenyewe ni desturi mbaya inayofanya kazi kwenye vipande vyepesi tu, na ikishakuota ni vigumu kuing'oa.

Kuchungulia kisima

Macho nayo yanahitaji kufundishwa. Ukichungulia pipa refu lenye maji kidogo chini, mdomo wake unaonekana mpana na sakafu inaonekana ndogo katikati, ingawa unajua ni sawa. Kisima cha Blockout kimechorwa hivyohivyo. Kipande kinapotokea mdomoni kinaonekana kikubwa, na kikiwa karibu na ukuta wa kushoto kinaonekana kama kiko mbali kabisa na pengo lililo chini yake, kumbe kiko juu yake sawasawa. Anayeamini macho atakikosa kwa mraba mmoja, na kosa la mraba mmoja huku linaumiza kuliko kosa la miraba mitatu, kwa kuwa linafunika.

Suluhisho ni kuhesabu. Kuta za kisima zimechorwa mistari. Hesabu kipande kiko mraba wa ngapi kutoka ukutani, kisha hesabu pengo liko mraba wa ngapi kutoka ukuta uleule. Kipande kinachoshuka kimechorwa kama fremu ya waya ili uweze kuona kupitia ndani yake, nacho kikishatua kinapata rangi ya kina chake. Rangi hizo zisomwe kama alama za kupimia: ukiona rangi mbili tofauti zimepakana, ujue kuna kidato hapo, na ukiona rangi moja imeenea, hapo ni sawa. Wachezaji wazuri niliowahi kukaa nao hawakitazami kipande kwa muda mrefu. Wanakitambua mara moja, halafu macho yanashuka sakafuni na kubaki huko. Ndivyo afanyavyo fundi anayejenga ukuta kwa mawe ya volkano hapa mjini, ambaye jiwe moja halifanani na jingine: hulikazia macho pengo, na jiwe huligeuza mkononi bila kulitazama sana.

Kisima cha kwanza

Anza na kisima cha miraba 5 kwa 5 chenye kina cha 12, na uchague vipande bapa. Kisima cha 3 kwa 3 chenye kina cha 10 kinavutia wageni kwa sababu kinaonekana kidogo, lakini ndani yake karibu kila kipande kinagusa ukuta na hakuna pa kuficha kosa. Kiache kwa baadaye. Kipo pia chaguo la vipande vyote, kuanzia mchemraba mmoja hadi mitano, ambavyo jumla yake ni 41: kimoja cha mchemraba mmoja, kimoja cha miwili, viwili vya mitatu, vinane vya minne na 29 vya mitano. Sijui ni nani anayeuita huo burudani.

Tabaka moja la 5 kwa 5 lina nafasi 25. Vipande sita vya michemraba minne vinajaza 24, na moja inabaki. Maana yake ni kwamba, ukipata vipande vya minne tu, tabaka haliwezi kujaa bila kipande fulani kutokeza juu. Wageni hujaribu kuifanya sakafu iwe sawa kama meza, na wanapofika kwenye ile nafasi ya mwisho wanasubiri kipande kidogo ambacho hakiji, huku wakirundika vingine ovyo pembeni. Badala yake ruhusu kimo kitofautiane kwa tabaka moja tangu mwanzo. Kinachotakiwa ni sakafu yenye vidato vifupi na mapengo yaliyo wazi juu, ya maumbo mbalimbali, ili kipande chochote kitakachokuja kikute mahali pake.

Jaza pembe kwanza, kisha kingo za ukuta, na katikati mwisho. Pembe inaingilika kutoka pande mbili tu, wakati nafasi ya katikati inaingilika kutoka pande nne, kwa hiyo pembe iliyoachwa nyuma huwa tundu jembamba linalohitaji kipande cha aina moja. Tundu la nafasi moja lenye kina cha kimoja halitishi: T ikiinuliwa mguu wake ukaelekea chini inalijaza, mradi nafasi mbili za pande zake zinazokabiliana ziko sawa, na kile kipande cha miguu mitatu kinalijaza kwa mguu mmoja huku miwili mingine ikilala juu ya nafasi mbili zinazofanya kona. Hebu fanya zoezi hilo kwa sabuni. Chora miraba 25 ya sentimeta mbili kwenye karatasi ya boksi, ipangie vipande ukiacha tundu moja ukutani, na ujaribu kuliziba kwa kila kipande ulicho nacho. Utaona ni vipande vipi vinaziba bila kufunika chochote, na kipande kipi, hata kikiziba, kinaezeka paa juu ya nafasi tupu ya jirani. Tundu la kina cha viwili linataka mguu mrefu wa L. Tundu la kina cha vitatu linataka fimbo, na si busara kuishi kwa kutegemea fimbo.

Nafasi tupu iliyofunikwa ndiyo inayoua. Tabaka lenye michemraba 24 na nafasi moja iliyofunikwa halifutiki, na kisima chako cha kina cha 12 kimekuwa cha 11. Likikutokea, mgeni hukimbilia kuendelea kama kwamba halipo. Ninashauri kinyume: tazama ni michemraba mingapi iliyolala juu ya ile nafasi, kisha elekeza vipande vyote vinavyofuata kwenye tabaka lililoifunika, hata kama kwingine kunaonekana kutamu zaidi. Tabaka hilo likifutika, tundu linafunguka tena. Ukiwa na nafasi mbili zilizofunikwa katika matabaka mawili, shughulikia ya juu kwanza. Ukiwa nazo katika matabaka manne na rundo limepita nusu ya kisima, maliza mchezo huo upesi na uanze mwingine, kwa sababu hakuna unachojifunza hapo isipokuwa hofu.

Kuangusha na kuongeza kasi

Kitufe cha nafasi usikiguse siku za mwanzo. Kipande kilichoangushwa kutoka juu kinaleta alama nyingi kuliko kilichoachwa kishuke chenyewe, na hilo ndilo linalowashawishi watu mapema. Geuza kipande kikiwa katikati ya kisima, ambako kina nafasi ya kuzunguka, kisha kisogeze ukutani. Ukikitanguliza ukutani fimbo au L itakosa pa kujigeuzia. Hesabu mistari mara ya pili. Ndipo uangushe.

Kasi iongezwe kwa ngazi moja, na tu baada ya kumaliza michezo mitatu mfululizo ambayo hukufunika nafasi yoyote katika matabaka matano ya kwanza. Ukiweza hivyo na vipande bapa, washa vile vyenye miguu mitatu na skrubu, lakini rudisha kasi kuwa sifuri. Watu hupenda kuruka hatua hii ya kurudi nyuma, halafu hushangaa kwa nini ustadi wao umepotea ghafla. Haukupotea, umekutana na mikao mipya ambayo vidole havijaikariri. Dakika ishirini kwa kikao kimoja zinatosha, na kwa nyumba ambayo umeme hukatika bila taarifa, zinaendana pia na umri wa betri ya kompyuta ya mitumba. Mimi nilikuwa nimesafisha kisima chote, jambo lenye nyongeza yake ya alama na ambalo sikuwa nimelifanya kabla, pale mtaa mzima ulipoingia gizani na kioo kikazimika na rekodi ikiwa haijahifadhiwa.

Sabuni, ikishamaliza kazi yake mezani, irudishwe kwenye beseni kabla mwenye kufua hajaiulizia. Vijiti viondolewe vyote kwanza, na vihesabiwe.